Vitu vidogo vya shati la ofisini: vipi vina kazi, vipi ni urembo?

Swali: "Shikamoo fundi. Nimenunua mtumba pale soko la Karume, shati la mistari ya bluu, lebo inasema limetengenezwa Uingereza. Chini ubavuni lina kipande cha pembetatu, yoki ya mgongoni, kile kipande cha mabegani, imeungwa katikati, kuna kifungo kidogo peke yake juu ya kafu (ukanda wa mwisho wa mkono), na tundu la mwisho la kifungo limelazwa badala ya kusimama. Rafiki yangu anasema hizo ndizo alama za shati bora. Nataka fundi wangu wa mtaani anishonee mashati matatu ya ofisini. Nimwambie aviweke vyote hivyo? Vina kazi gani, au ni urembo tu?"

Marahaba, kijana wangu. Rafiki yako amesema nusu ya kweli. Vitu vyote vinne ulivyovitaja vilianza kwa sababu ya maana, na baadhi bado vinafanya kazi hadi leo. Lakini kiwanda chochote kinaweza kuvibandika kwenye shati baya, kwa kuwa vinaonekana haraka na havigharimu sana. Yanayolifanya shati lidumu na likae vizuri mwilini yamejificha: ndani ya kola, ndani ya mishono ya ubavuni, chini ya vifungo. Nitakujibu ulichouliza, ila nitakaa zaidi kwenye ambayo hukuuliza, maana huko ndiko fedha yako inakotakiwa kwenda.

Kabla ya yote, ligeuze shati hilo ndani nje, utazame ubavuni. Utakuta hali moja kati ya tatu. Huenda ukakuta ovaloki, yaani kingo mbili zimeunganishwa na kuzungushiwa nyuzi, basi. Kwa fulana haina neno. Kwenye shati la pamba nyembamba ukingo unabaki wazi, unasugua ngozi, na baada ya kufuliwa mara nyingi nyuzi zinaanza kutoka. Au utakuta kazi ya mashine ya sindano mbili, inayokunja kingo na kuzishona kwa safari moja. Kwa nje inaacha mistari miwili ya uzi inayokwenda sambamba. Mshono huo una nguvu, ndio unaoshikilia suruali za jinzi. Shida yake kwenye poplini laini, kile kitambaa chembamba cha mashati, ni makunyanzi. Uzi unavutwa kwa nguvu wakati mashine inakimbia, ukishalowa maji unarudi kwenye urefu wake, na kitambaa kinajikunja pamoja nao. Unapiga pasi, kinanyooka; unafua, makunyanzi yanarudi.

Hali ya tatu ndiyo ninayokuombea uikute: sindano moja, mara mbili. Fundi anaunganisha badani mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa mshono wa kwanza, anapunguza ukingo mmoja, anaukunja ule mwingine juu yake na kuulaza, kisha anashona tena. Ukingo mbichi unafungiwa ndani kabisa. Kwa nje unaona mstari mmoja tu wa uzi, kwa ndani miwili, na mshono wote hauzidi upana wa milimita 5 hivi. Kazi inaanzia kwenye pindo la chini, inapanda hadi kwapani na kuendelea na mkono hadi kwenye kafu. Safari ya pili ndiyo ngumu, kwa sababu mkono umeshakuwa bomba na fundi anashona akiwa ndani yake, anakusanya kitambaa kidogo kidogo ili asishone upande wa pili. Muda unaotumika hapo ndio unaolitofautisha shati la bei na shati la haraka, hata kama vitambaa vyake vinafanana.

Hesabu pia mishono. Chukua rula, hesabu ndani ya sentimita moja. Shati la kawaida la kiwandani lina 4 au 5. Shati lililoshonwa kwa uangalifu lina 7, na wapo wanaofika 8 na zaidi. Mishono mifupi inashika vizuri na inaufanya mstari uonekane umenyooka hata kwenye mzunguko wa kola. Lakini mwambie fundi wako mambo mawili kwa pamoja, maana moja bila jingine ni hatari: apunguze urefu wa mshono hadi kama milimita 1.5, na abadilishe sindano. Mafundi wengi wa mitaani wanaiacha sindano namba 16 kwenye cherehani kwa kuwa jana walishona suruali. Ukishona poplini kwa sindano nene na mishono ya karibu karibu, kitambaa kinatobolewa mfululizo na siku moja kinachanika kwenye mstari huo kama stempu. Kwa shati ni namba 11, na uzi mwembamba unaolingana nayo. Ajaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa hicho hicho, akikunje mara nne, ashone, avute.

Sasa pembetatu yako. Kwa sehemu kubwa ya historia yake, shati la Ulaya lilikuwa vazi la ndani lililovaliwa kwa kupitishwa kichwani. Lilikatwa kwa vipande vya mstatili na mraba ili kitani kisipotee, na kila mahali palipokuwa na mpasuko au mvutano pakatiwa kiraka cha kuongeza nguvu: kwapani, shingoni, na pale ubavuni mpasuko wa chini unapoanzia. Mtu wa pwani hawezi kushangaa, kwa sababu kanzu imejengwa kwa akili hiyo hiyo, na badani, taharizi (vipande vya ubavuni) na kikwapa (kiraka cha kwapani). Mwaka 1871 kampuni ya Brown, Davis & Co. ya Aldermanbury, London, ilisajili shati linalofunguka mbele kutoka juu hadi chini, na taratibu mkato ukabadilika, viraka vingi vikaondoka. Kile cha ubavuni kikabaki. Hata hivyo kilibaki kitu cha kufichwa ndani ya suruali hadi Thomas Pink, waliofungua biashara London mwaka 1984, walipokitia rangi ya waridi na kukifanya nembo yao.

Kazi yake leo ni kupafunika mahali pindo la mbele na la nyuma yanapokutana, ambapo kitambaa kimekunjwa mara nyingi na ndipo mshono unapoanza kufumuka ukilichomekea shati kila siku. Angalia cha kwako: je, kipande kimekunjwa na kuukumbatia mshono kwa mbele na kwa nyuma, au ni kiraka kilichobandikwa kwa ndani? Kilichokumbatia kinasaidia kweli. Kilichobandikwa ni pambo. Kwa mashati yako matatu sikioni kuwa cha lazima. Mshono wa sindano moja mara mbili, ukirudishwa nyuma na mbele mara tatu pale mwisho, unavumilia miaka.

Yoki iliyoungwa katikati ina habari ndefu kidogo, na hapa wauzaji wengi wanawapotosha watu. Yoki ni kile kipande cha tabaka mbili kinachokaa mabegani, na ndicho kinachobeba shati zima. Washonaji wa mashati ya kupimwa waliigawa katikati kwa sababu mabega ya binadamu hayalingani. Mtu anayebeba begi upande mmoja, au anayeandika kwa mkono mmoja maisha yake yote, mara nyingi bega moja liko chini. Vipande viwili vinamruhusu fundi kukata kila bega kwa mteremko wake. Faida ya pili inatokana na mlalo wa kitambaa. Vipande hivyo vikikatwa kwa mshazari, yaani uzi wa kitambaa ukienda kwa pembe, yoki inanyumbuka kidogo unaponyoosha mikono mbele kushika usukani au kuandika kwenye kompyuta.

Shati lako lina mistari, kwa hiyo ni rahisi kulipima. Tazama mgongoni. Mistari ikikutana katikati na kuunda pembe, umbo la V, basi yoki ilikatwa kwa mshazari na inafanya kazi. Mistari ikienda sawasawa pande zote mbili, kama vile kipande ni kimoja, basi aliyelishona aliikata yoki na kuiunga tena kwa mshono usio na faida yoyote, kwa kuwa wewe hukupimwa mabega na kitambaa hakinyumbuki. Mashati mengi ya dukani yako hivyo. Fundi wako akikupima, mwambie asimame nyuma yako atazame mabega. Kama yanalingana, yoki ya kipande kimoja ni safi na imara. Kama hayalingani, ndipo aigawe, na aikate kwa mshazari.

Chini ya yoki hiyo hiyo kuna marinda ya mgongoni. Rinda moja la sanduku katikati lilipendwa sana Marekani, na wakati mwingine utalikuta na kitanzi kidogo cha kitambaa juu yake. Kitanzi hicho kilienezwa na Gant, kampuni ya New Haven, miaka ya 1960, kwa wanafunzi wa vyuo waliotundika shati kwenye msumari wa kabati la michezo. Kwa shati la ofisini hakina kazi. Rinda lenyewe nalo limekaa pabaya kidogo, kwa maana mgongo hausogei katikati. Kinachosogea ni mifupa ya mabega. Marinda mawili madogo, kila moja chini ya bega lake, yanaweka kitambaa mahali panapokihitaji.

Mikono ni sehemu nyingine isiyotazamwa. Kiwandani mkono unaungwa shati likiwa bado limefunguka ubavuni, kisha mkono na ubavu vinafungwa pamoja kwa mstari mmoja. Ndiyo njia ya busara kwa fundi wako pia. Napoli, kule Italia, wapo wanaofunga ubavu kwanza, wanafunga mkono peke yake, halafu wanaupachika mkono kwa sindano ya mkononi, na mshono wa mkono haukutani na ule wa ubavu. Mkono unakuwa mpana kuliko tundu lake, ziada inagawanywa kwa vikunjo vidogo kuzunguka bega. Ni kazi ya kupendeza na mkono unakaa jinsi mkono wa mtu unavyoning'inia. Siiombi kwa fundi wa mtaani, kwa sababu bila mazoezi marefu bega linavimba.

Kola ndiyo shati. Nikiwa na nusu dakika tu ya kulikagua shati, ninakagua kola. Kati ya tabaka la juu na la chini kuna kitambaa cha kati kinachoipa ukakamavu, na kuna njia mbili za kukiweka. Njia ya kwanza ni kukigundisha kwa joto. Ya pili ni kukishona tu pembeni kikabaki huru. Shika ncha ya kola kwa vidole, jaribu kuyasugua matabaka. Yakiteleza moja juu ya jingine, imeshonwa. Yakiwa kitu kimoja, imegundishwa.

Kugundisha si dhambi. Mashati mengi mazuri sana yamegundishwa na kola zake zinakaa wima siku nzima. Lakini gundi inahitaji mashine inayobana kwa joto sawa, uzito sawa na muda sawa kila mahali. Pasi ya mkononi, iwe ya umeme au ya mkaa, haiwezi hivyo. Pembeni inashika, katikati haishiki, na baada ya kufuliwa mara kadhaa kola inaota mapovu ambayo hakuna wa kuyatoa. Ndiyo sababu kwako nashauri kitambaa cha kati cha pamba tupu, kilichoshonwa. Kitakuwa laini kidogo, kitahitaji pasi yenye maji, na hakitakuharibikia.

Kwa njia hiyo kuna sharti moja lisilokwepeka. Kila kitambaa kilowekwe, kianikwe na kipigwe pasi kabla ya kukatwa: cha shati na cha kati, vyote. Pamba isiyotayarishwa inasinyaa. Mwaka 1930 Sanford Cluett, wa kampuni ya kola na mashati ya Troy, New York, alileta mashine ya kukisinyaza kitambaa kiwandani kabla hakijashonwa, na kisibaki na zaidi ya asilimia 1 hivi ya kusinyaa. Huwezi kujua kama jora ulilonunua Kariakoo limepitia hatua hiyo. Fanya hesabu: shingo ya sentimita 40 ikisinyaa asilimia 3, umepoteza sentimita 1.2, na kifungo cha juu hakifungi tena. Na kitambaa cha kati kikisinyaa kuliko cha juu, kola inajikunja hata kama mshono ni wa malaika.

Mwambie pia kwamba tabaka la chini la kola liwe dogo kuliko la juu, kwa milimita 2 au 3 tu. Wakati wa kushona atalivuta lile dogo lilingane na kubwa. Kola ikigeuzwa, ukingo wa mshono unaingia chini usionekane, na ncha zinajikunja kuelekea kifuani badala ya kuruka juu. Ni kitu kidogo mno, hakina gharama hata senti, na fundi asiyekifanya utamtambua kwa ncha za kola zinazotazama mbinguni. Nafasi za vijiti vya kola, vile vinavyonyoosha ncha zake, ziwe wazi, ili uvitoe kabla ya kufua; vile vilivyoshonewa ndani vinapinda kwa joto la pasi na kuacha alama ya kudumu.

Kola inachakaa kabla ya shati, hasa pale inaposugua ndevu. Hilo ni tatizo la zamani. Kule Troy inasimuliwa kwamba mwaka 1827 Hannah Lord Montague, akichoka kufua mashati mazima ya mumewe kwa uchafu wa kola peke yake, aliikata kola na kuifanya ya kuvaliwa mbali na shati, na mji huo ukaja kuishi kwa biashara ya kola hadi ukaitwa Mji wa Kola. Mafundi wetu wana jibu lao, kugeuza kola: inafumuliwa kutoka kwenye mkanda wake wa shingoni, upande wa chini unaletwa juu, inashonwa tena. Ni ustadi ninaouheshimu sana na unaliongezea shati miaka. Ila uamue mapema, kwa sababu kola yenye nafasi za vijiti ukiigeuza nafasi hizo zinakuja juu, na kola ya vifungo nchani haigeuziki bila kuonyesha matundu. Njia bora ni kumwomba fundi akate kola ya pili na jozi ya kafu kutoka kwenye kitambaa hicho hicho, uzihifadhi kabatini. Washonaji wa mashati wa mtaa wa Jermyn Street, London, wamezoea kubadilisha kola na kafu za wateja wao wa siku nyingi. Hakuna sababu ufanye pungufu ya hapo, na kitambaa kinachohitajika ni kidogo.

Vifungo. Kama vya shati lako ni vya ganda la chaza, utajua ukivigusisha mdomoni: ni baridi, na vya plastiki vina uvuguvugu. Vigeuze, mgongo wa ganda huwa na rangi au kasoro zisizofanana, kifungo na kifungo. Ganda bora la kazi hiyo ni la chaza mkubwa wa maji ya kaskazini mwa Australia, na mji wa Broome uliishi kwa biashara hiyo hadi vifungo vya plastiki vilipoiangusha baada ya Vita Kuu ya Pili. Vina mng'ao ambao plastiki haijaufikia. Vina udhaifu pia, kwani vinavunjika kwa pasi nzito ya dobi asiye makini. Kwa mashati ya kazi ya kila siku, kifungo kizuri cha polista chenye matundu manne na unene wa milimita 2 au 3 kinatosha, na sikusukumi kutafuta vya chaza. Kuhusu vile vinene vya milimita 4 vinavyosifiwa siku hizi, kwenye poplini nyembamba vinalivuta shati na vinachosha vidole kila asubuhi.

Namna vilivyoshonwa ni muhimu kuliko vilivyotengenezwa kwa nini. Mashine nyingi za kiwandani hutumia uzi mmoja wa mnyororo. Ukivuta ncha yake kifungo kinaondoka na uzi wake wote. Fundi wako atashona kwa mkono, na hapo una bahati. Akiachie kifungo nafasi ya unene wa kitambaa kati yake na shati, kisha azungushe uzi mara nne au tano chini ya kifungo kukifanyia shina, afunge fundo kwa nyuma. Kifungo chenye shina kinapita kwenye tundu bila kukivuta kitambaa, na ukanda wa mbele, ule wa vifungo, unalala. Kisicho na shina kinaminya, na utaona kijikunjo kimoja kwa kila kifungo kuanzia kifuani hadi tumboni.

Tundu lako lililolala lina maelezo mazuri. Matundu ya kifuani husimama wima ili kifungo kikisogea juu au chini kidogo ukanda usipindike, na yakae katikati ya ukanda bila kuupanua. Udhaifu wa tundu la wima ni mvutano wa upande: kitambaa kikivutwa kushoto na kulia, tundu linafunguka na kifungo kinaponyoka. Tundu lililolala halina udhaifu huo, kwa sababu kifungo kinaenda kuegemea mwisho wake na kushikwa. Ndiyo maana la shingoni hulazwa, na ndiyo maana la mwisho, linalokaa kwenye nyonga unapoketi, lilazwe pia. Mwombe fundi, ni kazi ile ile. Uzi wa rangi tofauti kwenye tundu hilo ni mapambo, amua mwenyewe.

Kwa kuwa mafundi wengi hupeleka mashati kwa mwenye mashine ya matundu, nenda ukaone kazi yake kabla. Nyuzi za pembeni zibanane zisionyeshe kitambaa katikati yake, na tundu likatwe kwa kisu kikali, lisiachwe na manyoya. Ukanda wa vifungo uwe na kitambaa cha kati chini yake, hata chembamba, vinginevyo tundu litajikunja kwa kufuliwa.

Kifungo kidogo juu ya kafu kinafunga mpasuko wa mkono. Bila hicho mpasuko unaachama na ngozi inaonekana unapokunja kiwiko. Ukikifungua, mkono unakunjwa hadi juu ya kiwiko bila kubana, na mwenye kupiga pasi anaweza kuulaza wote. Kwa mtu anayeishi Dar es Salaam na kukunja mikono kila saa nane mchana, hiki ndicho ningekichagua cha kwanza kati ya vinne vyako. Kafu yenyewe iwe na marinda mawili pale mkono unapoingia, yakitazama upande wa mpasuko, na iwe nyembamba kiasi cha kusimama kwenye kifundo bila kuteremkia kiganjani. Kama unavaa saa, kafu ya mkono huo iongezwe sentimita 1.

Kwa kitambaa cha mistari, malizia ukaguzi mahali pawili: pale yoki inapokutana na mkono kwa mbele, na pale mfuko unapokaa kifuani. Charvet wa Paris, washonaji wa mashati walioanza mwaka 1838, wanajulikana kwa kuilinganisha mistari kutoka begani hadi mkononi. Kufanya hivyo kunakula kitambaa na kunahitaji kukata kipande kimoja kimoja. Kwa fundi wako omba mfuko ulingane, ukanda wa mbele ulingane, na ncha mbili za kola ziwe na mistari inayofanana kushoto na kulia. Begani usimlazimishe. Ukitaka mwanzo rahisi, nunua kitambaa cheupe au cha rangi moja, na akili yake yote iende kwenye mishono.

Kwa hiyo mpelekee fundi shati hilo la mtumba, usilifumue. Likae mezani kwake awe analitazama wakati wa kukata. Mwambie anachotakiwa kukifuata ni ubavu wa sindano moja, kola iliyoshonwa yenye tabaka la chini dogo, mashina ya vifungo, tundu la mwisho lililolala na kifungo cha juu ya kafu. Pembetatu aiache. Yoki ataiamua baada ya kukutazama mabega. Mlipe zaidi ya bei yake ya kawaida na umwambie ni kwa ajili ya nini, maana unamwomba muda.

Na asikate mashati matatu kwa pamoja. Ashone moja. Livae ofisini siku nzima, lifuliwe na kupigwa pasi mara tatu au nne jinsi linavyofuliwa nyumbani kwako, kisha pima tena shingo, urefu wa mkono na kifua, ulinganishe na vipimo vya siku ya kwanza. Tazama kama kola imetulia na kama ubavu umebaki laini. Kinachohitaji kurekebishwa utakionyesha kwa kidole, na mawili yaliyobaki ayakate kwa vipimo vipya.